Khanga Iliyofungwa Katikati ya Chumba

Bwana asifiwe! Asifiwe tena! Ndugu zangu, ambao hamjaitika msijali, mtaitika nikifika katikati.

Naitwa Tumpe, mzaliwa wa Kawetele, nimeolewa hapa Kisiba. Mnaoniona na ndizi zangu sokoni Tukuyu mnaniona mama mwenye heshima zake. Nilikuwa mlevi! Sisemi nilionja. Nilikuwa mlevi wa kubebwa! Miaka ile ya ruksa, malori ya watu binafsi yalipoanza kufuata ndizi zetu, nilifanya biashara kweli kweli. Lakini nikishauza, miguu yangu ilijua njia moja tu, ya kilabuni, kwenye chungu cha kimpumu, pombe yetu ya ulezi. Mrija wangu wa kunyonyea pombe nilitembea nao kwenye kikapu, kama wengine wanavyotembea na Biblia.

Siku moja, saa tisa mchana, mvua inanyesha, nikafika nyumbani nimejifunga mbeleko mgongoni. Mume wangu, Ambilikile, akauliza, "Mtoto yuko wapi?" Nikamjibu, "Si huyu hapa?" Nikapeleka mkono nyuma kumpapasa. Khanga tupu! Ndugu zangu, nilikuwa nimetembea njia nzima nikiibembeleza khanga! Ambilikile alikimbia mpaka kilabuni, akamkuta Neema wetu, hajatimiza hata mwaka, amelala juu ya magunia ya ulezi kando ya moto wa kupikia pombe. Mzima! Nikikumbuka, mpaka leo mwili unanisisimka.

Baba mkwe wangu, mzee wa kanisa anayeheshimika Kisiba nzima, akatoa neno: nikionekana nimelewa tena, nirudi kwetu Kawetele, na Neema abaki. Neno hilo aliniletea mume wangu, maana mnajua mila yetu Wanyakyusa. Mkamwana hamtazami baba mkwe usoni, hakai naye chumba kimoja, jina lake halitamki. Tangu niolewe, nikisikia kikohozi chake njiani nilikuwa naingia migombani kujificha. Niliijua sauti yake tu.

Nikaapa kuacha. Hazikupita wiki mbili nikanywa tena, kwa siri, kisha nikakaa sokoni nalia. Mama Zuhura, Mwislamu mwenye duka la vitenge, akaniita ndani. Akaniambia kaka yake aliacha pombe kwa kukaa na walevi wenzake kila Alhamisi, katika chumba cha shule ya Jumapili kule Makandana. "Nenda, mwanangu. Kinachosemwa mle kinabaki mle."

Mimi nikadhani ni kilabu kingine! Walevi wakikaa pamoja wanafanya nini kingine? Nikabeba na mrija wangu. Chekeni tu, ni kweli!

Nilifika nimechelewa, nikakaa karibu na mlango. Watu saba hivi wamekaa duara, na katikati birika la chai. Mzee mmoja amenipa mgongo, anaongea huku analia. Anasema anakunywa peke yake, chupa za dukani anazificha kwenye banda la ng'ombe. Anasema Jumapili anasimama mbele ya waumini. Halafu akasema, "Na nimemhukumu mkamwana wangu aondoke amwache mtoto, kwa jambo ninalolifanya mwenyewe."

Ndugu zangu! Sauti ile! Baba mkwe wangu!

Nilishtuka mpaka kiti kikaanguka. Yeye anageuka, mimi nimeshajifunika uso kwa khanga, nakimbilia nje. Kumbe naye amejua ni mkamwana wake, ametokea mlango wa pili! Tukasimama, mimi upande huu wa jengo, yeye upande ule. Mila inasema mmoja wetu aende zake. Na mimi nilijua moyoni kwamba atakayekwenda zake anarudi kwenye pombe. Nikienda mimi, nimempoteza Neema.

Kiongozi wao, mwalimu mstaafu, akanifuata. Hakunihubiria. Aliniomba mbeleko yangu, ile ile! Akaifunga kutoka dirishani mpaka kwenye msumari wa ubaoni, chumba kikagawanyika. Baba mkwe akaingia kwa mlango wake, mimi kwa wangu. Hakuna aliyemwona mwenzake. Zamu yangu ilipofika nikasema, "Mimi ni mlevi. Nilimsahau mwanangu kilabuni." Kisha nikasikia kikohozi kile nyuma ya khanga. "Ndaga fijo, mwanangu. Asante sana. Huondoki Kisiba."

Lilikuwa neno la kwanza kuniambia yeye mwenyewe tangu niolewe. Nililia kama mtoto! Mrija wangu nikauvunja palepale.

Sitawadanganya, nilianguka mara mbili baada ya hapo. Lakini kila Alhamisi nilirudi, naye alirudi. Leo Neema yuko sekondari! Na haya ya baba mkwe nisingeyatoa mle ndani kama asingenituma mwenyewe, kupitia mume wangu. Sura yake siijui vizuri mpaka leo, ila machozi yake nayajua.

Namshukuru Mungu aliyemlinda mwanangu kando ya moto, akaniponya mimi na aliyenihukumu katika chumba kimoja. Na wewe uliyekaa hapo unawaza utakutana na nani mle, njoo Alhamisi. Mtegemee Bwana, ingia. Kama yupo usiyetaka akuone, sema tu. Khanga bado iko kwenye msumari.