Mama Vestine na Mgongo Uliochukia Mikutano

Tarehe 31 Julai, Mama Vestine Kaliza anastaafu baada ya miaka ishirini na sita katika kiwanda chetu cha sabuni, tangu tukiwa Gikondo hadi tulipohamia Masoro. Anaondoka na mgongo wake, ambao nao una utumishi wa miaka tisa.

Mgongo huo tuliujua wote. Meneja Bertrand akiitisha mkutano, ulikakamaa kabla hajakohoa. Mama Vestine alijaribu mikanda, dawa za kuchua, na godoro gumu kama meza. Picha za hospitali hazikuonyesha kitu. Kisha, kwenye harusi ya Kellen wa maabara, alicheza saa tatu mfululizo bila kulalamika. Jumatatu akaja amepinda kama mpini wa mwavuli. Tulicheka, na hatukufanya vizuri.

Ismaël, mtaalamu wa viungo kule Kicukiro, alimwambia aandike kila maumivu yanapozidi, na alichokuwa akiwaza. Mama Vestine akawaka.

“Unasema mimi ni mwongo?”

“Hapana, mama. Maumivu ni ya kweli. Lakini hofu inayazidisha, na huzuni vilevile.”

Akaandika kwa hasira. “Mkutano: unauma. Bertrand yuko likizo: hauumi.” Wiki ya pili akajikuta ameandika jambo jingine: mgongo ulianza kuuma alipomzika mumewe, Théoneste, akarudi kazini siku ya nne. Hakuwa amelia. Oda ya sabuni ya kwenda mjini Huye ilikuwa inasubiri.

Basi alilia stoo, mchana kweupe, juu ya maboksi. Mwandishi wa wasifu huu alikimbia kumletea kitambaa, na kwa kuchanganyikiwa akamkabidhi mche wa sabuni. Mama Vestine aliutazama, akaangua kicheko huku machozi yanamtoka.

Mgongo haukupona kabisa. Ila sasa anatembea kila asubuhi kwao Busanza, anamtaja Théoneste bila kugeuza uso, na haogopi tena kuinama. Alipomweleza Meneja habari za mikutano, Bertrand alikiri: “Hata mimi, mama, shingo iko inaniuma kila nikisimama mbele yenu.” Tangu siku hiyo mikutano ni ya dakika kumi.

Mama Vestine, asante kwa kutufundisha kumwuliza mwenzetu anaumwa nini kabla ya kumcheka. Uwe na siku nyingi nyepesi, na zile nzito usizibebe peke yako.

Jean-Bosco Ntare, Idara ya Ufungashaji