Daw Nyunt Yi Anafunga Jiko

Kijiwe changu kiko mjini Pakokku, kwenye kona ya soko la tumbaku, ukutani kwa nyumba ya U Thaung Sein: benchi moja la mbao, viti vifupi vya plastiki, jiko na birika. Chai yangu ni nzito, ya maziwa ya kopo. Asiyetaka kununua anakunywa ile chai chungu ya bure na humwoni akiinuka. Wanaume wa hapa wanaijua dini kuliko watawa. Tangu alfajiri wanachambua moyo, pumzi na njia ya kutoka kwenye mateso, huku wanatema tambuu karibu na miguu yangu. Basi asubuhi hiyo nikawaambia: birika hili likiisha, nafunga. Nakwenda kituo cha taamuli, siku kumi, kukaa kimya na kuangalia pumzi yangu.

— Unafunga nini? akauliza Nusu Mtawa. Aliwahi kuvaa joho la utawa, ila watawa hawali baada ya adhuhuri; njaa ya jioni ikamshinda akalivua, ila mahubiri hakuyavua.

— Jiko.

— Acha utani, mama. Na sisi je?

— Nyie si mna majumba.

— Sikiliza, dada yangu. Taamuli ni kuondoa mawazo kichwani, siyo? Na wahenga walishasema, debe tupu haliachi kuvuma. Utarudi unavuma mtaa mzima.

Betri akacheka mpaka chai ikampalia. Huyu anatengeneza redio, na kwake kila kitu ni umeme.

— Mtawa hajui kitu. Binadamu ni betri. Ukifumba macho, moto unaingia hautoki. Shangazi yangu alikaa hivyo kule mjini Monywa, wakampa taa mkononi, ikawaka.

— Ikawaka?

— Ikawaka, ikaungua. Halafu akawa mwepesi. Upepo ukija wanamfunga kikoi kwenye mguu wa kitanda.

— Huyo ana nafuu, akasema Nusu Mtawa. Yuko mwingine aliona mifupa yake mwenyewe, akaanza kuihesabu, hakula tena.

— Basi na mimi nitahesabu, nikasema. Lete kikombe.

U Thaung Sein, mwenye nyumba, naye alikuwepo benchini. Tunamwita Mzee Kona, maana kona ni yake, na huwa hasahau kutukumbusha.

— Nyunt Yi, akasema, subiri uzeeke kwanza. Mambo hayo ni ya wazee.

— Wewe umeshazeeka, mzee. Umekaa taamuli lini?

— Mimi miguu yangu haikunjiki.

— Mbona hapa imekunjika tangu jua halijatoka?

Wenzake wakacheka. Yeye hakucheka.

— Mtaka cha mvunguni sharti ainame, akasema. Wewe unakwenda kukaa wima, utapata nini? Nisikilize. Ma Phyu wa tambi ananiomba kona hii kila siku. Ukifunga leo, kesho anawasha yeye. Na ukirudi, usinijie na machozi.

Hapo niliogopa, siwafichi. Kona hii aliitafuta marehemu mume wangu, Aung Than. Ndiyo inayonilisha.

— Kwani kuna nini huko? akauliza Betri, safari hii kwa upole. Umekosa nini hapa?

Nikaweka kichujio chini. Nikawaambia ambacho sijamwambia mtu.

— Aung Than alikufa tumenuniana. Mliniona nikilia, mkaleta mchele, mkaenda zenu. Mwaka wa tatu huu bado tunagombana. Nachuja chai, namjibu. Naoga, namjibu. Nyie mnasema, Daw Nyunt Yi anaongea na birika. Siongei na birika. Nimechoka kujibizana na maiti, jamani. Nataka kichwa changu kinyamaze, hata kwa muda wa kikombe kimoja.

— Si ungetuambia, akasema Nusu Mtawa. Ningekueleza namna ya kufanya.

— Wewe?

— Unaanza na pumzi. Inaingia puani...

— Halafu?

— Halafu inatoka.

Mwanamke mmoja mgeni alikuwa amesimama nyuma ya benchi, kifurushi kichwani, liwa mashavuni limechanganyika na vumbi la safari.

— Samahani wazee wangu, akasema. Kituo cha taamuli kiko njia gani?

Betri akamtazama Nusu Mtawa. Nusu Mtawa akaonyesha mtoni, akasita, akaonyesha sokoni. Mzee Kona, aliyezaliwa mtaa huu, akauliza kama ni kile cha zamani au kipya. Kiko kimoja tu.

— Mimi nakijua, dada, nikamwambia. Langoni pale nimeshafika mara nyingi, nikarudi kwa sababu ya hawa.

Nikainua birika, nikamimina chai iliyobaki juu ya mkaa. Moshi ukawaingia puani wote watatu.

— Kona imekwenda hiyo, akasema Mzee Kona.

— Mpe Ma Phyu. Mwambie ukuta wako unavuja.

Nikachukua shuka langu, tukaondoka na mgeni. Hatujapita hata duka la tumbaku, Aung Than akaanza: mjinga wewe, umeitupa kona yangu. Nikamjibu. Nikamjibu kwa sauti, mpaka yule dada akageuka kunitazama, maana kunyamaza bado sijajua. Ila safari hii namjibu huku natembea, na mguu haukurudi nyuma.