Upande wa Pili wa Barua

Foleni ya malori ikigoma mpakani Malaba, benchi la Jamiru muuza kahawa hujaa. Benchi lenyewe ni ubao wa ubavu wa lori lililopinduka zamani, umelazwa juu ya magurudumu mawili, na mtu mmoja akiinuka bila kutoa taarifa, jirani yake hujikuta chini. Alhamisi hiyo, saa nane mchana, aliyekaa katikati alikuwa Okiria, ambaye pale wanamwita Turubai kwa sababu kazi yake ni kupanda juu ya malori na kufunga maturubai. Mwaka jana hakupanda hata moja. Magoti yalikataa, akawa mtu wa kushika kamba chini na kupewa pole na madereva asiowajua. Kisha akajiandikisha katika majaribio ya dawa mpya ya magoti, na huu ulikuwa mwezi wa nne tangu aanze kupanda tena. Sasa mkononi alikuwa na barua. Majaribio yamesitishwa kabla ya wakati wake, barua ilisema. Mhudumu atapita leo kuchukua vidonge vilivyobaki. Mshiriki asiwe na wasiwasi wowote. Halafu, juu ya muhuri mkubwa kama kisahani: "Sababu zimeelezwa upande wa pili."

Upande wa pili ulikuwa mweupe pe.

— Geuza tena, akasema Forodha.

— Nimegeuza mara sita.

— Geuza polepole.

Forodha ni Omagor. Alikuwa karani wa wakala wa kupitisha mizigo mpakani, na tangu kazi iishe bado hutembea na kalamu mbili mfukoni, ya bluu na nyekundu, endapo serikali itamhitaji ghafla. Naye alikuwa kwenye majaribio hayo hayo, pamoja na Nusura, muuza omena aliyekaa mwisho wa benchi na beseni lake miguuni.

— Hiyo si makosa, Forodha alitangaza. Nimekaa na karatasi miaka kumi na tisa. Ofisi ikikuachia ukurasa mweupe, ujue habari yote iko hapo.

— Haya, tusomee basi, Nusura akamwambia.

— Dawa imefanya kazi kupita kiasi.

— Sasa hiyo ni sababu ya kusimamisha?

— Mama, hebu fikiria. Mtu mwenye magoti mabovu anavuka wapi kwenda Uganda? Getini, kwenye foleni, na kitambulisho mkononi. Mtu wa magoti mazima je?

— Njia za panya, akajibu Jamiru akimimina kahawa.

— Umeona! Serikali mbili zinategemea magoti mabovu. Dawa ikienea vijiji vyote vya huku, mpaka umekwisha. Pale getini watabaki mbwa na askari wakiangaliana.

Benchi likacheka mpaka likayumba. Okiria alicheka pia, ila kwa mdomo tu. Yeye mpaka haukumsumbua. Alikuwa akitazama lori la simenti lililosimama mbele yao, turubai lake limelegea upande mmoja, akajiuliza mwezi ujao atapanda malori kwa magoti gani.

— Mimi nataka kujua kitu kimoja, alisema. Hii dawa, wakiifunga, nitaipata wapi tena?

— Tulia, Turubai, Nusura alisema. Mimi nawaambia ukweli wenyewe. Wale wazungu wa kiwanda wamegundua vile vidonge bandia vya unga, walivyowapa nusu yetu, ndivyo vinaponya. Dawa yenyewe haifanyi kitu. Sasa wanaona aibu. Utauzia watu unga aje kwa bei ya dawa?

— Wengine wanauza, Forodha akasema.

— Nyinyi nyote mnazunguka tu, Jamiru akaingilia, birika mkononi. Hivyo vidonge mlikuwa mnameza na nini?

— Na kahawa.

— Ya nani?

— Yako.

— Basi! Iliyosimamishwa ni dawa, iliyoponya ni kahawa. Mimi niliona mapema, nikanyamaza kwa heshima. Ningeomba barua yangu na mimi, yenye muhuri.

— Wewe hata fomu hukujaza!

— Nilitoa mkebe.

Hapo wote waliinamisha vichwa kwa adabu, maana mkebe ulikuwa fahari ya benchi. Siku ya kwanza walielezwa kila kitu vizuri, kwa Kiswahili na kwa Kiteso: nusu ya watu watapata dawa, nusu watapata vidonge vinavyofanana nayo lakini vya unga, na hata daktari hajui nani amepata nini. Kila chupa ina namba ya mwenyewe. Waliitikia kwa vichwa, wakatia sahihi, wakashukuru kwa soda. Walipofika benchini, Forodha ndiye aliyeuliza kama ni ubinadamu watu watatu wakae ubao mmoja, mmoja anapona, mwingine anakula unga. Jamiru akamwaga sukari, akatoa mkebe. Chupa tatu zikamiminwa humo, zikakorogwa na kijiko cha sukari, na tangu siku hiyo kila mtu akawa anahesabiwa vyake, asubuhi na jioni, dawa kidogo na unga kidogo, bila ubaguzi. Wazo lilikuwa zuri kiasi kwamba lilipanda bodaboda. Mwezi wa pili wenzao wa majaribio kule Angurai walikuwa na mkebe wao, Bumala wawili, na Nusura alilipeleka mwenyewe hadi Osieko, anakokwenda kununua omena. Huko walitumia sufuria.

— Kama si ule mkebe, Forodha alisema, mmoja wetu hapa angekuwa anatambaa.

— Na angekuwa wewe, Nusura akamjibu.

Bodaboda ikasimama mbele yao. Akateremka dada mmoja mwenye begi la fomu na kofia ya pikipiki iliyomzidi kichwa. Alikuwa Winny, mhudumu wa utafiti. Tangu majaribio yaanze, simu zake walizipokea, uso wake hawakuwa wameuona.

— Hamjambo wazee? Hamjambo mama? Kwanza mtusamehe. Mashine yetu ya kunakili ilichoka, ikatoa upande mmoja tu. Upande wa pili huu hapa.

Forodha alitoa kalamu nyekundu. Winny akasoma: majaribio yamesitishwa kwa kuwa hakuna tofauti yoyote iliyoonekana kati ya waliopewa dawa na waliopewa unga. Wote wamepata nafuu ya wastani, sawasawa kabisa.

— Sawasawa! Forodha akapiga paja. Mmesikia? Sawasawa! Hii ndiyo haki!

— Nusu kwa nusu! Nusura akashangilia. Jamiru, mwongeze dada kahawa!

Okiria hakushangilia.

— Dada, na dawa yenyewe?

— Inaachwa, mzee. Wamesema haina tofauti na unga.

— Lakini mimi napanda malori.

— Najua, mzee. Hata wa unga wameniambia hivyo. Winny akavuta fomu nyingine. Ajabu ni kwamba kwenye jaribio dogo la kwanza, kabla ya kuja huku, dawa ilifanya vizuri sana. Waliopewa walipona, wa unga wakabaki vile vile. Madaktari hawalali, hawaelewi. Ndiyo maana nimetumwa na swali moja tu la kufungia faili.

— Uliza, Forodha akamruhusu.

— Kila mtu alikuwa anakula vidonge vya chupa yake mwenyewe?

Lori la simenti likaunguruma, likasogea hatua moja, likazima. Forodha alibonyeza kalamu nyekundu, akairudisha, akatoa ya bluu, akairudisha nayo. Nusura aligundua kwamba omena zake hazijapangwa vizuri, akaanza na iliyo chini kabisa. Jamiru, aliyekuwa hana fomu wala namba, aliusukuma mkebe kwa kisigino uingie chini ya benchi. Ukalia kama kayamba.

Winny akaangalia chini. Akawaangalia mmoja mmoja.

— Mlisema nini?

Okiria alitazama lile turubai lililolegea, kisha magoti yake. Kumbe yamembeba juu miezi minne kwa nusu ya dawa, na dawa inaachwa kwa sababu ya mkebe. Forodha alimfinya ubavuni anyamaze. Okiria akainuka bila kutoa taarifa, benchi likaruka, Forodha akaenda chini na kalamu zake zote mbili. Okiria akainama, akauchukua mkebe, akauweka juu ya begi la Winny.

— Dada, alisema, hiyo fomu yako ina nafasi kiasi gani?