Bi Angalia na Gego la Miaka Sita

Wasikilizaji wapendwa, vuteni viti karibu. Kama una mtoto wa miaka sita, saba au minane, mvute na yeye. Leo hatuna muziki wa kufungulia kipindi. Nimeuondoa mwenyewe, kwa sababu tunayemkumbuka hakuwa na subira na mapambo.

Tunamkumbuka tabibu wa meno ya watoto. Alifariki Jumanne iliyopita, akiwa na miaka sitini na mitatu. Moyo ulisimama ghafla, akiwa anapiga pasi koti lake la kazi. Jina lake la kwenye cheti wengi hamlijui. Watoto walimwita Bi Angalia, na sisi wazazi tukafuata. Ameacha mume, ameacha dada, na ameacha watoto kumi na wanne ambao si wa kuwazaa.

Hao kumi na wanne ndio wananifanya niongee leo nikiwa nimekasirika. Mtanisamehe. Kila mmoja wao ana gego lililoanza kutoboka. Kila gego bado linaweza kuzibwa. Kila mzazi aliahidi kumrudisha mtoto kliniki. Narudia, maana najua wengine mnasikiliza huku mnakatakata vitunguu: watoto kumi na wanne, na hajarudi hata mmoja.

Tuanze mwanzo. Dada yake, ambaye ni fundi cherehani, anasema ugonjwa huu wa kuhangaikia meno ya watu alizaliwa nao. "Alikuwa na miaka kumi, mimi mitano. Akanishika kidevu, akaanza kunihesabu meno kwa kijiti cha kiberiti. Nikamng'ata. Ile alama kwenye kidole amezikwa nayo."

Alifanya kazi miaka thelathini na mmoja katika chumba kimoja. Chumba cha mwisho kwenye korido, kinachopakana na stoo ya mashuka. Kiti kilikuwa kimoja, na kilikuwa hakipandi juu, kwa hiyo mtoto alikalishwa juu ya mito miwili. Kila mwaka aliomba kiti kirekebishwe. Mwaka mmoja wakamletea mto wa tatu.

Alikuwa na utaratibu wake. Ukifika na mtoto, yeye haangalii kwanza. Anakupa wewe mzazi kile kioo kidogo chenye mpini, anawasha taa, anakunja mikono. "Angalia mwenyewe." Wengi wetu tuliangalia meno ya mbele tukasema, yako sawa. "Hayo ya mbele hata mpiga picha anayaona," anakujibu. "Nyuma, baba. Nyuma kabisa."

Ukishaliona tundu, anakupa daftari na kalamu. Unaandika kwa mkono wako ulichokiona na siku utakayorudi. Alisema mdomo unaweza kuruka kimanga, lakini mwandiko wako huwezi kuukana.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo tulipomzeesha. Mtoto akifika miaka sita hivi, huota gego nyuma ya meno yake yote ya utoto. Linaota kimya. Hakuna jino lililong'oka kulipisha, kwa hiyo mzazi hajui kama ni jipya. Anadhani ni la utoto. Si la utoto! Ni la kudumu. Likioza likang'olewa, hapo hapaoti kitu. Narudia: hapaoti kitu.

Basi kila siku anaingia mzazi, anaonyeshwa tundu, anatikisa mabega. "Si litang'oka tu? Litaota lingine." Mume wake, fundi wa saa, ananiambia alikuwa anaijua siku ya mkewe kabla hajavua viatu. "Akisema 'wamesema tena,' basi, sikuuliza wamesema nini. Nilimmiminia chai tu. Halafu kuna wale waliomtolea methali. Wanaingia, wanatikisa kichwa kwa hekima, 'usipoziba ufa utajenga ukuta.' Halafu wanaondoka bila kuziba. Hao ndio waliompandisha presha."

Na kadi za bima, wasikilizaji wapendwa. Ngojeni nivute pumzi. Kadi za wengi wetu zilikuwa zinalipa kung'oa jino. Kuziba, hapana. Kuziba unatoa mfukoni. Kwa hiyo mtu mwenye akili zake timamu anapiga hesabu na kuona kung'oa ni nafuu. Bi Angalia aliwaandikia barua watu wa kampuni ya bima kwa miaka tisa. Miaka tisa akajibiwa sentensi ileile, kwamba ombi lake linashughulikiwa. "Wako tayari kulipa nyumba ibomolewe," aliniambia, "ila bati moja la kuziba paa hawana." Yeye akaamua kupokea kidogo kidogo. Leo unaleta robo, mwezi ujao robo. Kwa hiyo hata kisingizio cha pesa alikuwa ameshatunyang'anya.

Nimeshasema "tulimzeesha." Na mimi nimo.

Miaka kumi na mitatu iliyopita nilimpeleka binti yangu. Alikuwa na miaka saba. Nikapewa kioo, nikaangalia, nikaona kidoa cheusi kama ncha ya penseli. Nikaandika kwenye daftari: "Nimeliona. Nitarudi wiki ijayo." Nikatia saini, tena ile saini yangu ya kujidai yenye mkia.

Hiyo wiki ijayo ilichukua miaka miwili. Mara mvua. Mara gari liko gereji. Mara mwisho wa mwezi uko mbali. Katika hiyo miaka miwili nilibadilisha televisheni, wasikilizaji wapendwa, na ile ya zamani ilikuwa haijaharibika.

Alinipigia simu mara kumi na moja, kwa vocha yake. "Baba, lile jino vipi?" Namwambia, nipo njiani, bi mkubwa. "Uko njiani tangu mwezi wa tatu. Unatembea kwa magoti?" Nikacheka. Nilimwona ni mama mcheshi.

Siku nilipokwenda, mtoto ana miaka tisa, shavu limevimba, usiku kucha hakulala na mimi sikulala. Nikamwambia Bi Angalia maneno haya, na nayasema hewani ili nione aibu vizuri: "Ng'oa tu, kadi ipo. Litaota lingine." Mimi! Mtu ninayewasomea taarifa za afya kila asubuhi kwa sauti nzito.

Akaweka koleo mezani. Akageukia ukuta. Nikadhani ananiombea.

"Baba," akasema, "huyu ana miaka tisa. Akijaliwa kufika tisini, ana miaka themanini na moja ya kutafuna. Umeiuza kwa wiki ijayo."

Halafu akapiga magoti mbele ya kile kiti ili macho yake yalingane na ya mtoto. Akamshika mkono. "Mama, naomba unisamehe. Ningekuja mwenyewe nyumbani kukuchukua." Yeye ndiye aliyepiga simu kumi na moja, na yeye ndiye aliyeomba msamaha. Mimi nilisimama pale nimeshika kadi.

Jino likang'olewa. Hapakuota kitu. Binti yangu sasa ana miaka ishirini. Anatafuna upande mmoja, na lile jino la juu lililokosa mwenzake limeshuka kidogo. Hajawahi kunilaumu, na hilo ndilo linaloniuma.

Siku ya maziko, watoto walikuwa wengi, wanapiga kelele. Jamaa mmoja mwenye nia njema akatoa mfuko wa peremende, akaanza kugawa ili watulie. Dada wa marehemu, macho yamemvimba kwa kulia, akampokonya ule mfuko. "Leo? Hapa? Kwake?" Yule bwana akajitetea, "Shemeji, si ni msiba?" Dada akamjibu, "Ungekuwa unamsikiliza akiwa hai tusingegombana msibani." Watu tukaangua kicheko palepale, na kilio kikafuatia.

Juzi dada huyo na muuguzi aliyekuwa akimsaidia walikuja hapa studio na daftari la mwisho. Kurasa za nyuma ndizo zenye wale kumi na wanne. Wote wameandika kwa mikono yao. Wiki ijayo. Mwisho wa mwezi. Shule zikifungwa. Nilikaa nalo, nikasema nitayasoma majina hewani leo, mmoja baada ya mwingine, mwone haya.

Binti yangu akanikataza. "Usiwaaibishe, baba. Mtu akiona haya anajificha, harudi. Na usiwapigie simu wewe. Kwa hiyo sauti watadhani umewatangazia bahati nasibu."

Kwa hiyo sikuyasoma.

Wasikilizaji wapendwa, kwa niaba yenu nampa pole mume wake, fundi wa saa, aliyemimina chai miaka yote hiyo. Pole dada yake. Pole muuguzi aliyebaki na mito mitatu. Mungu amlaze mahali pema. Na wewe uliye na mtoto wa miaka sita, usiniandikie ujumbe kwamba kipindi kimekugusa. Washa taa ya simu, mwambie apanue mdomo, na uangalie nyuma kabisa.

Nanyi wazazi kumi na wanne, sitawataja. Tabibu mpya atakuwepo Jumamosi asubuhi, chumba kilekile, na malipo ya kidogo kidogo yanaendelea. Ila leo, baada ya kipindi hiki, simu zenu zitaita. Sitakuwa mimi. Atakuwa msichana wa miaka ishirini, anayetafuna upande mmoja. Pokeeni.