Kola Nyekundu

Viti vya mbele vya basi vilikuwa vitupu, lakini mimi nilikwenda kukaa nyuma kabisa, kwa sababu huko ndiko kulikokuwa na maneno.

Fundi cherehani alikuwa amepakata majoho ya kwaya, na jirani yake wa kiti, mzee wa kanisa asiyemjua hata kwa sura, alikuwa ameyatambua. Kanisa la mzee na jingine la mtaa huo huo yalikuwa yamepanga kuimba pamoja siku ya Pasaka, na majoho yao ndiyo hayo.

"Kitambaa ni cha jora moja, mzee wangu," fundi alisema. "Kola ndiyo kila kanisa na yake. Nyeupe yenu, nyekundu ya wale wa ngoma."

"Wale wanaruka, mama! Sisi tunaimba tumesimama wima."

"Kwani Bwana Yesu ana sikio la wima na sikio la kuruka?"

Mzee akapapasa bega la joho la juu. "Halafu yanabana mabega. Nikirudi nasema hatuvai, na nikisema hatuvai, hakuna kuimba pamoja."

"Vaa uone."

Akavaa la juu, akanyoosha mikono, akajigeuza kama bwana harusi. Halikubana popote.

"Sawa, lakini ngoma yao itatumeza."

"Basi pazeni sauti!"

Kituo cha mzee kikafika. Akashuka akiendelea kubisha, kidole juu. Nikamwambia fundi, "Mama, joho lako linakwenda!"

Fundi akachungulia. Mzee alikuwa anavuka barabara, kola nyekundu shingoni.

"Mwache," akasema. "Afike nalo hivyo hivyo kanisani kwake."