Maisha ya Stefania Likwata, na Barua Niliyoisaini Mingoyo

Mheshimiwa Padri, baba yangu mzee Benedicto, ndugu wafiwa, majirani wa hapa Kipatimu, na nyinyi wenzetu mliopanda basi tangu alfajiri kutoka Lindi na Kilwa Masoko, Tumsifu Yesu Kristu, na kwa ndugu zetu Waislamu, asalaam aleikum. Naitwa Klementi Likwata, kitinda mimba, mdogo wa marehemu. Familia imenipa karatasi hii niisome, nami nitaisoma, lakini kuna mahali imekosea, hapo nitasema ya kwangu, mnivumilie.

Marehemu Stefania Benedicto Likwata alizaliwa tarehe 14 Machi 1974 hapa hapa Kipatimu, mtoto wa pili kati ya watano wa mzee Benedicto na marehemu mama Yustina, akasoma shule ya msingi hapa kijijini kuanzia mwaka 1982 hadi 1988, kisha sekondari mjini Lindi, akamaliza kidato cha nne mwaka 1992. Mama alipofariki mwaka 1994 mimi nilikuwa na miaka tisa, na ni dada aliyenilea, akanifulia, akanisomesha, na kunichapa pia, maana nilikuwa mtundu, tusidanganyane.

Tarehe 1 Juni 1998 aliajiriwa na shirika la ndege la Lukuledi, uwanjani Lindi, kwenye mizani. Ndege zetu zilikuwa ndogo, za abiria kumi na wawili, kwa hiyo abiria naye hupimwa pamoja na mzigo wake, na hapo dada hakuwa na mjomba wala shangazi, bwana harusi alipanda mizani, padri alipanda, mama aliyeficha korosho ndani ya kanga alipanda na korosho zake, mpaka wakamwita Bi Mizani, naye akacheka tu. Tarehe 6 Oktoba 2001 alifunga ndoa na mwalimu Lukas Mkwinda, aliyeketi pale mbele, wakajaliwa watoto wawili, Anjelina na Nikodemu. Mwaka 2009 wafanyakazi walimchagua kuwa katibu wa tawi la chama chao, na mwaka 2012 akanitafutia na mimi kazi, ya kupakia mizigo, uwanja ule ule.

Sasa karatasi inasema kwamba mwaka 2023 marehemu aliacha kazi kwa hiari yake. Hapana, jamani. Hapana.

Mwaka ule shirika lilifilisika, kampuni nyingine ikaja kulinunua na kuliunganisha na la kwake, na chama kikadai jambo moja, kwamba sote tuhamie huko na miaka yetu ya kazi, asiachwe mtu. Ili chama kisikilizwe, wanachama walitakiwa kuzidi nusu ya wafanyakazi. Tulikuwa watu mia mbili na kumi na tisa, tulihitaji mia na kumi, na dada alikwisha kutangaza mbele ya wote kwamba tunao mia na kumi kamili. Jumanne tarehe 28 Novemba 2023, siku ya kuhesabiwa, saa nne asubuhi, bwana mmoja wa kampuni mpya alinichukua hadi Mingoyo, akaninunulia samaki wa kukaanga, akaniambia anayejitoa kwenye chama nafasi yake ipo. Nilikuwa na mtoto mchanga, nikaogopa, nikasaini barua ya kujitoa na vidole vyangu vya mafuta, doa likabaki kwenye pembe ya karatasi.

Barua ya kujitoa hupelekwa kwa katibu. Niliipenyeza mwenyewe chini ya mlango wa ofisi yake, ilikuwa moja, haina nakala, na angeitia kwenye mkoba akanyamaza, nani angejua? Saa nane mchana, mbele ya msuluhishi aliyekuja kuhesabu wanachama, dada aliiweka mezani pamoja na daftari la wanachama. Majina hayakusomwa, ilisomwa hesabu tu, mia na tisa.

Watu wakamgeukia, Bi Mizani ametuuza, wiki iliyopita mia na kumi, leo mia na tisa, mmoja ameliwa na nani? Akafunga daftari lake. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma, na mmoja alipotema mate chini nilitikisa kichwa kama ninayekubaliana naye. Jioni nilipokwenda kwake aliniuliza kitu kimoja, kama nimekula. Nikasema bado, akanipakulia.

Dai la chama likaanguka, kampuni ikachukua watu sabini tu, mimi nikiwemo, na dada, mwenye miaka ishirini na mitano kwenye mizani, akaachwa. Akahamia Kilwa Masoko, mumewe anakofundisha, akawa anapika maandazi sokoni. Bima ya afya ilikwisha na kazi, dawa za presha akameza leo akaruka kesho, Agosti 2024 figo zikashindwa, akalazwa Lindi, na Jumapili tarehe 9 Februari 2025, saa kumi jioni, akatutoka, akiwa na miaka hamsini. Wiki ya mwisho nilimuuliza kwa nini hakuificha ile barua, akasema amepima watu maisha yake yote, aanze kuiba kwa ajili ya mdogo wake? Nikamuuliza kwa nini basi hakunitaja, akasema jina lile ni la baba. Baba, nisamehe.

Kwa niaba ya familia nawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani wa Kilwa Masoko mliopokezana kumpikia, wanajumuiya, na zaidi nyinyi wafanyakazi wenzake, mliokuja kumzika mtu ambaye mpaka asubuhi ya leo mliamini amewauza. Mkifika Lindi waambieni na wengine, hesabu ya Stefania ilikuwa ya kweli, aliyepungua ni mimi.

Dada yangu, Mungu akulaze pahali pa amani, upumzike. Siku ile nilikudanganya. Nilikuwa nimekula, dada, nilikula Mingoyo.