Mzee Tahiru Murjan na Mtalii Wake wa Kila Mwezi

Tarehe 30 Juni 1978 Mzee Tahiru Murjan anastaafu baada ya miaka thelathini na miwili ya utumishi. Kumi na minane kati ya hiyo aliitumikia mpakani mwa Uganda na Sudan, mbele ya Kuluba, mahali ambapo serikali huwapeleka watumishi inaowapenda sana kiasi cha kutotaka kuwaona.

Alizaliwa Arua, mtoto wa askari wa zamani na mama msusi wa vikapu. Mwaka 1946 aliajiriwa kuwa tarishi, akapewa baiskeli ya serikali isiyo na breki, chombo kilichomfundisha mapema kufikiria mbele. Miaka kumi na mitatu baadaye alikuwa karani kamili mwenye mwandiko mzuri kuliko wakubwa zake wote. Kosa hilo halikusahauliwa, na mwaka 1959 akahamishiwa mpakani.

Kituo kilikuwa na chumba kimoja, benchi moja, kabati la mafaili na mti mrefu uliolazwa kukatisha barabara, unaoinuliwa kwa kamba. Upande wa pili wa mti palikuwa na daraja, na ng'ambo ya daraja, Sudan. Mzee Tahiru aliilinda mipaka ya nchi kwa kitabu cha kanuni, ambacho nadhani ni yeye peke yake katika wilaya nzima aliyekisoma mpaka mwisho. Mwaka 1964 alimkalisha kwenye benchi mkaguzi wake mwenyewe kwa saa nne, kwa sababu kitambulisho cha mkaguzi hakikuwa na picha. Mwaka uliofuata alimzuia mama mkwe wake hadi fomu ijazwe nakala tatu. Mkewe, Bi Hawah, hakupika kwa siku tatu, moja kwa kila nakala.

Hayo ni ya kawaida. Kilichomfanya ajulikane hadi makao makuu ni mchango wake katika utalii.

Mwaka 1965 binti mmoja wa Yei, Pasca Jale, alivuka daraja akiikimbia vita ya kwao. Alisomea ukunga huku kwetu, akaajiriwa katika zahanati ya Lobule, watu wakamwita Sista kwa uuguzi wake, na kwa miaka mingi hakuna aliyemuuliza kitu ila wajawazito. Kisha mwaka 1972 vita ikatulia. Ilikuwa habari njema sana, na kama ilivyo kwa habari njema, ilifuatiwa na waraka. Waraka ulisema kwamba wakimbizi sasa hawana cha kukimbia, vibali vyao vimekwisha, na anayetaka kuendelea na kazi aombe kibali kipya Kampala. Sista Pasca aliomba. Aliomba tena. Kampala, kwa uungwana wake, haikumkatalia. Haikumjibu tu.

Mapema mwaka 1973 alifika kituoni kwa baiskeli kutoka Lobule, safari ya nusu siku, akiwa na pasipoti mpya ya Sudan na mfuko wa nguo. Alikuwa anaondoka. Mzee Tahiru aliitazama pasipoti, akautazama mfuko, kisha akafungua kitabu chake cha kanuni.

"Sista, wewe iko napenda kuangalia Uganda?" akamuuliza.

"Naiangalia kila siku, Mzee. Mimi nazalisha watu wake."

"Basi wewe iko mtalii."

Akamsomea kanuni polepole. Mtalii huruhusiwa siku thelathini. Akitaka kuongeza siku, sharti atoke nje ya nchi na aingie upya. Kanuni haikusema akae nje muda gani.

Sista Pasca alivuka daraja, akanywa chai kwa Bi Kulusum, mama aliyekuwa na kibanda hatua chache tu ndani ya Sudan, akarudi. Ziara yake ya ng'ambo ilichukua dakika arobaini. Mzee Tahiru akamkaribisha Uganda kwa mhuri, kwa sauti ile ile rasmi ambayo angemkaribishia mzungu mwenye kamera shingoni. Kesho yake mtalii wetu alikuwa Lobule akizalisha mapacha.

Ikawa hivyo kila baada ya siku thelathini. Fomu ilidai sababu ya safari, na Mzee Tahiru, mtu wa haki, hakutaka makao makuu yachoke kusoma jambo moja.

"Niandike nimekuja kuona nini leo?" Sista angeuliza.

"Mwezi jana uliona ndege. Leo ona milima."

Takwimu zikapanda kwenda Kampala. Mwaka 1973, watalii kumi na wawili. Mwaka 1974, watalii kumi na wawili. Mwaka 1975, nchi nzima ikilia kwamba wageni wametukimbia, kituo chetu kilipokea watalii kumi na wawili. Uthabiti wa namna hiyo haujawahi kuonekana. Makao makuu yaliandika barua ya pongezi, yakatuletea picha kubwa ya tembo tuitundike ukutani, na hojaji yenye kuuliza watalii wa eneo letu wanavutiwa zaidi na nini. Mzee Tahiru, ambaye hajawahi kuandika uongo katika karatasi ya serikali isipokuwa kuhusu ndege na milima, alijibu: *Kina mama wajawazito wa Lobule.* Kampala ikashukuru, ikauliza kama kivutio hicho kinapatikana mwaka mzima.

Watu wa Kuluba nao wakaizoea siku ya mtalii. Wakaanza kumngojea kwenye benchi letu na watoto wao wenye kikohozi na vidonda. Sista akingoja mhuri, anatibu. Hatukuwa na dawa hata moja kituoni, lakini siku hizo tulikuwa hospitali.

Mambo yakienda vizuri, lazima apatikane mtu wa kuyasimamia. Januari 1977 tuliletewa mkuu mpya, Bwana Lokule, aliyepandishwa cheo kutoka udereva wa lori. Lori lenyewe alikuwa ameliacha mtoni. Alikuwa mtu wa nidhamu kali. Siku ya kwanza alitoa amri kwamba mtu asifanye jambo lolote bila karatasi, na siku ya pili akautoa mhuri mezani kwa Mzee Tahiru, akautia katika mfuko wa shati lake, ukawa unamchafua kifua kwa wino wa zambarau hadi siku alipotuacha.

Mwezi Machi, siku ya mtalii, Sista Pasca alifika asubuhi, akagongewa mhuri wa kutoka, akavuka kwenda kunywa chai yake. Akiwa bado hajamaliza kikombe, redio ya kituo ilileta amri: kuanzia saa hiyo watalii wasiingie hadi watakapotangaziwa. Bwana Lokule alifurahi sana. Ilikuwa amri yake ya kwanza kubwa, na ilikuja na mtu wa kuijaribia.

Sista aliporudi alikuta mti umelazwa. Upande wetu, kwa wakati ule ule, wanaume wanne walikuwa wanatua kitanda mbele ya benchi. Juu yake alilala Filda, mke wa Lomoro, mkulima wa Kuluba. Alikuwa na uchungu tangu jana yake. Lomoro alijua leo ni siku ya mtalii, akaona ni karibu kumleta hapa kuliko kumpeleka popote. Kati ya Filda na mkunga palikuwa na hatua kumi na mti mmoja.

"Mlalisheni kwa ubavu wa kushoto," Sista aliita kutoka ng'ambo ya mti. "Maji yametoka lini?"

"Jana jioni," Lomoro akajibu. "Sista, njoo."

"Mtalii haingii," akasema Bwana Lokule. "Amri ni amri."

Mzee Tahiru alichukua kitabu chake cha kanuni, akasimama mbele ya mkuu kwa adabu zote. "Ni kweli, mkubwa. Amri nakataza kuingia. Lakini mama huyu nataka kutoka. Kutoka haikukatazwa."

"Kutoka ni kwa mhuri."

"Naomba mhuri, mkubwa."

Bwana Lokule alijishika kifuani. "Fomu yake iko wapi? Pasipoti yake iko wapi?"

Mzee Tahiru akafungua ukurasa wa watu wa mpakani, wasiohitaji pasipoti kwenda sokoni. Mkuu akasema kitanda si soko. Akafungua ukurasa wa wagonjwa. Mkuu akataka cheti cha daktari. Mzee akaeleza, bila kupandisha sauti, kwamba mtu pekee anayeweza kuandika cheti hicho amesimama upande wa pili wa mti. Mkuu akasema basi aje nacho akiruhusiwa kuingia. Hayo yalichukua kama nusu saa. Yalikuwa mabishano ya kisheria ya hali ya juu, na mwandishi wa wasifu huu, aliyesimama pembeni, alijifunza mengi.

Kisha Filda akalia. Hakulia kwa nguvu. Ilikuwa sauti ndogo, ya mtu aliyekwishachoka kuomba. Lomoro akapiga magoti kando ya kitanda, akamshika kisigino, kwa kuwa ndipo mkono wake ulipofika.

Mzee Tahiru alikifunga kitabu, akakiweka juu ya benchi. Akatembea hadi kwenye kamba, akaivuta, mti ukainuka.

"Pelekeni," akawaambia wale wanaume.

Katika miaka thelathini na mmoja ya kazi, ilikuwa mara ya kwanza kwa mtu huyu kufanya jambo bila mhuri. Tulimwona.

Bwana Lokule alimwamuru Koplo Hamuza, askari wa zamu, amkamate. Koplo, ambaye watoto wake wawili walipokewa na Sista Pasca, alisimama wima kabisa.

"Mkubwa, wewe mwenyewe ulisema mutu asifanye kitu bila karatasi. Mimi iko nangoja karatasi."

Bwana Lokule akaingia ofisini kuandika. Aliandika kwa muda mrefu, maana uandishi haukuwa kipawa alichojaliwa. Alikuwa katika mstari wa pili wakati mtoto wa kike alipozaliwa juu ya mkeka wa Bi Kulusum, kitovu kimemzunguka shingo mara mbili, rangi yake ya buluu. Sista alikikata, akamgeuza, akampuliza, akampiga nyayo. Sisi wa upande huu tulisikia kimya kwanza. Kilikuwa kirefu. Halafu tukasikia kilio, na Lomoro, ambaye hajui Kiarabu wala si Mwislamu, akasema alhamdulillahi kama walivyosema wengine.

Ikabaki kurudi. Bwana Lokule alitoka na karatasi yake akakuta suala jipya: mtoto amezaliwa nchi ya kigeni, hana hati yoyote, na kwa hesabu yoyote ile ni mtalii. Alisimama katikati ya barabara kulifikiria. Koplo Hamuza aliinama kufunga kamba za viatu vyake, kazi iliyomchukua muda wote ambao kitanda kilihitaji kupita. Mguu mmoja wa kitanda hicho ulibebwa na Sista Pasca. Hakuna aliyegongewa kitu. Nchi haikuanguka siku ile. Tuliitazama hadi jioni kuhakikisha.

Juhudi kama hizo hazipiti bila tuzo. Mzee Tahiru alishushwa daraja moja, jambo litakalomkumbusha utumishi wake kila mwezi atakapopokea pensheni, akahamishiwa Arua kulinda chumba cha mafaili ya zamani. Barua ilitaja kosa lake kuwa ni kuruhusu kutoka nchini, bila kibali, kwa bidhaa, yaani kitanda kimoja. Bwana Lokule alitwaliwa miezi mitatu baadaye, kwenda kuinua idara nyingine.

Sista Pasca alikaa Lobule hadi siku zake thelathini zilipokwisha, siku ambazo hata hivyo hazikuwa katika pasipoti yake. Mpakani hapakuwa na mtu wa kumwona kuwa mtalii tena. Aliwaaga wagonjwa wake mmoja mmoja, akapanda baiskeli, akavuka. Hakufika mbali. Bi Kulusum alimpa chumba nyuma ya kibanda cha chai, na humo anazalisha. Kina mama wa Kuluba sasa humfuata huko. Wa Lobule ni mbali. Wengine hufika, wengine hawafiki. Takwimu za mwaka huu zinaonyesha kwamba watalii wanaoingia kwetu ni sifuri, na raia wetu wanaokwenda kutalii ng'ambo wameongezeka sana, karibu wote wanawake, karibu wote wakirudi na mizigo. Makao makuu hayajatuandikia pongezi.

Huku Arua, ambako mwandishi huyu naye alihamishiwa baadaye, Mzee Tahiru ameyapanga mafaili ya tangu mwaka 1920 hadi leo kwa namna ambayo sasa mtu akitafuta kitu anakipata, na wapo wakubwa waliolalamika. Wiki iliyopita, tukinywa chai pamoja, mwandishi wa maneno haya alimuuliza jambo ambalo hakuna aliyewahi kumuuliza: kwa nini siku ile aliuinua mti, yeye wa nakala tatu.

"Alikuwa nalia," akasema, "na mimi nilikuwa karibu na kamba."

Hilo silo sahihi, na kwa kuwa Mzee mwenyewe alitufundisha kusahihisha kumbukumbu, nalisahihisha. Aliyekuwa karibu na kamba alikuwa karani mwenzake, Asiku, ambaye ndiye mwandishi wa wasifu huu. Ilikuwa inanigusa bega. Mzee Tahiru alitembea hatua saba kuifikia, akanisogeza pembeni kwa mkono, taratibu, kama mtu anayesogeza kiti.

Tunamshukuru Mzee Tahiru Murjan kwa miaka thelathini na miwili. Tunamshukuru Bi Hawah kwa kutuazima mumewe, pamoja na zile siku tatu za njaa. Nenda nyumbani Koboko, jirani na mpaka wako, Mzee, ukae na wako kwa afya na amani, na kila mlango utakaoufikia uukute na wa kukufungulia.

Asiku
Karani, kwa niaba ya wafanyakazi wenzake, Arua